Jina la Kubebea Mtoto

Asubuhi ya Alhamisi, katika kliniki moja ndogo ya Riruta, akina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto wao kusubiri mizani. Ilikuwa mizani ya duara kama saa ya ukutani, imetundikwa kwenye mlango wa chumba cha chanjo, na chini yake kulikuwa na kulabu ya kuning'iniza suruali ya turubai. Mtoto alivuliwa nguo, akatiwa ndani ya ile suruali, akaachwa apige mateke hewani huku nesi akisoma mshale. Wengi walilia. Mtoto wa Nyakio hakulia. Alining'inia pale akitazama ukuta, kama mtu mzima anayesubiri kuhudumiwa benki.

"Anaongeza vizuri," nesi akasema. "Anaitwa nani?"

"Bado," Nyakio akajibu.

"Miezi miwili na bado?"

"Tunatafuta, sista. Nataka jina ambalo halina mwenyewe."

Nyuma yake alisimama baba mkwe wake, Mzee Thuo, aliyewaleta kwa pikapu kutoka Waithaka na akakataa kungoja nje na wanaume wengine. Alikuwa ameshika kofia mkononi kwa heshima ya mahali.

"Hakuna kutafuta," akasema. "Huyu ni kijana wa kwanza wa kijana wangu. Andika Thuo, kama mimi."

Nesi akaandika. Alipomaliza herufi ya mwisho, mshale wa mizani ulizunguka hadi mwisho wa namba, ukakwama. Kulabu ikanyooka taratibu. Mtoto akashuka, suruali na yote, akatua juu ya rundo la leso na mashali ya akina mama waliotangulia, akapiga miayo, akalala.

Nyakio akainama kumwokota. Hakuokoteka. Mama aliyemfuata kwenye foleni akamkabidhi jirani mtoto wake, akaja kusaidia, na mwingine akaja. Walishika mikono, miguu na makalio ya suruali. Mtoto alikuwa vilevile, mdogo na laini, mwenye mikunjo shingoni, lakini hakubanduka pale alipokuwa.

Nesi aliitazama kulabu. "Mama, hii mizani ni ya serikali."

"Nisamehe, sista."

"Wa hivi hupelekwa posho mill, kwa wasaga mahindi. Wako na mizani ya magunia." Alifikiri kidogo, kisha akatafuta raba kwenye mfuko wa koti lake. "Bahati yako nimeandika na penseli. Jina likikaa vibaya huwa tunafuta."

Akafuta. Mtoto akashusha pumzi usingizini, na Nyakio akamwinua kama alivyomwinua kila siku. Nesi akakunja kulabu kwa koleo, akaita anayefuata.

Ndani ya pikapu Mzee Thuo alikuwa na furaha. "Umeona?" akasema, akibadilisha gia. "Jina langu lina uzito. Nimekuwa nikiwaambia watu."

Siku hiyohiyo aliwaambia tena, akiwa bucha ya Waithaka, na tena kwa kinyozi. Watu waliitikia kwamba ni kweli, Mzee, hilo jina lako lina uzito, na waliposema hivyo walitazama nyama au vioo, si yeye.

Huu ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nne, mwaka ambao matatu zote zilifungwa mikanda ya viti, na watu walikuwa na mazungumzo mengine. Mtoto mzito hakuchukua nafasi kubwa. Wapangaji wa Mzee Thuo, waliokaa kwenye safu za nyumba zake za mabati, walisikia, wakauliza kama anashindwa kula, wakaambiwa anakula, wakasema basi ni sawa.

Nyakio alikuwa na sababu zake za kutaka jina lisilo na mwenyewe. Kwao Limuru, nyanya yake alizaa watoto wengi, na kila mmoja akampa binti yake jina la nyanya. Kulikuwa na Nyakio Mrefu, Nyakio wa Meno, Nyakio wa Nairobi, na yeye alikuwa Nyakio Yule Mwingine. Viatu alivyonunuliwa vya Krismasi vilivaliwa na Nyakio wa Meno. Alipopasi mtihani wa darasa la nane, walimchinjia kuku Nyakio Mrefu, na kosa lilipogunduliwa kuku alikuwa ameliwa. Aliapa kwamba mtoto wake akiitwa, ataitika peke yake.

Tena akina Thuo wengine walikuwapo tayari. Dada zake Kibe, mume wa Nyakio, walikuwa wamezaa na kumtuza baba yao jina kama desturi inavyotaka. Hao walikuwa wepesi kama watoto wengine, wakirushwa juu na kudakwa na wajomba. Jina liliwafikia peke yake, bila shamba nyuma yake, kwa kuwa mabinti wa Mzee Thuo hawakuhesabiwa kwenye mambo ya ardhi. Mtoto wa Kibe ndiye aliyelipokea jina na kila kilichokuwa ndani yake.

Kibe mwenyewe alikuwa mtu wa amani. Akiwa na baba yake alisema ndiyo, akiwa na mkewe alisema ndiyo, na akiwa peke yake alinyamaza. Alifanya kazi katikati ya jiji, Mtaa wa Biashara, katika duka la vitambaa na nguo za watoto la Shamsudin, mtu wa Mombasa aliyekaa Nairobi miaka mingi bila kujifunza kusalimia watu kwa "sasa." Kila jioni Kibe alirudi nyumbani na jina jipya alilolipata kwa wateja.

La kwanza lilikuwa Ryan. Nyakio alilipenda. Alilitamka mara moja, kwa sauti ya chini, na mtoto akaondoka kitandani kama mfuko wa plastiki kwenye upepo, akaenda kutulia chini ya mabati. Walimshusha kwa ufagio na kumfunga kwa leso kwenye mguu wa kitanda. Mama wa nyumba ya pili alipokuja kuazima jiko, akamwona anavyoyumbayumba juu ya mto, akasema, "Trevor wetu pia alikuwa hivyo. Mvalishe sweta mbili."

Emmanuel lilimkaa vizuri zaidi. Alibaki kitandani, na uzito wake ukawa uzito wa mtoto. Lakini Nyakio alipoliita jina mlangoni kulijaribu, Emmanuel wote wa ploti wakaja, wakiwa wamejaa matope, na wa mwisho alikuwa fundi wa viatu mwenye ndevu ambaye aliuliza kama kuna kazi. Nyakio akaona ni Limuru tena.

Kibe alimweleza mwajiri wake haya yote wakikunja vitambaa. Shamsudin alimsikiliza bila kuacha kukunja.

"Bwana Kibe, hayo majina mapya hayajakaliwa na mtu," akasema. "Mtoto umemtia ndani, lazima apeperuke, hana cha kushika."

"Na la baba?"

"La babako limekaliwa sana. Yaelekea mna vitu ndani si vyake."

"Vitu gani, bwana?"

"Mimi nauza vitambaa. Muulize mwenye jina."

Kibe hakumuuliza. Alinunua chandarua kwa bei ya mfanyakazi, akaenda nacho nyumbani, na mkewe alipouliza Shamsudin amesema nini, akasema amesema watapata tu.

Shida ni kwamba Mzee Thuo hakungoja wapate. Alipita dirishani kila siku akienda kukagua nyumba zake, na kila alipopita alisalimu. "Thuo wangu hajambo?" alisema, na ndani kukasikika mbao zikivunjika. Kitanda cha kwanza kilienda hivyo. Wakamlaza mtoto kwenye godoro sakafuni, na simiti ikapasuka kuanzia kichwani mwake hadi mlangoni. Uzito uliisha wenyewe baada ya muda, jina lilipopoa, lakini muda huo haukujulikana. Wakati mwingine ulikuwa wa kuchemsha chai.

Siku moja haukuwa wa kuchemsha chai. Nyakio alikuwa ameketi kwenye kigoda akinyonyesha, baada ya chakula cha mchana, Mzee alipochungulia na kusalimu. Mtoto akawa mzito mapajani mwake. Nyakio aliita, lakini wapangaji walikuwa kazini. Sufuria ya maharagwe ikaungua mbele ya macho yake. Miguu ikafa ganzi, kisha ikauma, kisha hakuisikia. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena, akamtabasamia. Kibe alipofika jioni alimkuta pale pale, moshi umejaa nyumba, machozi yamekauka mashavuni.

"Pole," Kibe akasema.

"Kibe, babako ameketi juu yangu tangu saa nane."

"Nitaongea na yeye."

"Utamwambia nini?"

Kibe alifikiri. "Asalimie kwa mlango," akasema.

Kesho yake Nyakio alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga. Alisema moyoni kwamba anaenda soko la Kangemi kununua njahi, zile mbegu nyeusi wanazopikiwa akina mama wanaonyonyesha, ingawa njahi ziliuzwa hata Waithaka. Alitaka tu kuwa mahali ambapo hakuna mtu anayemjua.

Sokoni alizunguka hadi akafika kwa mwanamke mmoja mzee, mwembamba, aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani na kuketi nyuma ya magunia yake. Alikuwa akichambua njahi kwenye ungo na kutupa mawe begani bila kuangalia yanakoangukia.

"Kijana ama msichana?" akauliza.

"Kijana."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina, shosho. Baba ya bwanangu anataka aitwe Thuo."

Alikuwa amejisahau. Neno lilipomtoka alivutwa nyuma, akaketi kwa kishindo katikati ya vitunguu vya jirani, leso imemkaza kifuani hata hawezi kupumua. Muuza vitunguu akaanza kulalamika. Yule mwanamke mzee aliweka ungo chini, akazunguka magunia, akafungua fundo la leso, na kwa mkono mmoja akamwinua mtoto na kumweka begani. Alimwinua kama mtu anavyookota kabichi.

Nyakio alibaki chini akimtazama. "Shosho, si mzito?"

"Ni Thuo yupi huyo? Wa Waithaka?"

"Huyo."

"Basi huyo nimeshambeba," mwanamke akasema. "Nimembeba miaka mingi. Mgongo umezoea."

Jina lake lilikuwa Nthenya. Alimpa Nyakio debe la kuketia na kumweleza, huku akiuza, akikatiza maneno kila mteja alipokuja. Baba ya Thuo alikuwa na wavulana wawili na shamba moja, na aliligawa katikati kabla ya kufa. Nusu ya juu alipewa Thuo, na ya chini, upande wa mto, alipewa Kihara. Kihara ndiye aliyemwoa yeye, Nthenya, Mkamba wa Machakos, na watu walisema watazoea. Kisha Kihara aliangukiwa na jiwe kwenye machimbo. Walimzika shambani kwake asubuhi, na watu walipokuwa bado wanakunywa chai ya matanga, Thuo alikuwa chini kule na panga, anang'oa ua wa mpaka. Nthenya alienda kwa chifu. Chifu akamuuliza watoto wako wangapi. Akasema hakujaaliwa. Chifu akamuuliza kwao ni wapi.

"Wakaniambia nirudi Machakos. Nikafika hapa Kangemi nikaona hapa panatosha. Siwezi kwenda mbali na mtu wangu."

"Na kaburi liko wapi?"

"Si unaishi huko wewe? Safu ya tatu. Karibu na choo."

Nyakio alikuwa amefua nguo karibu na kile choo tangu aolewe. Alijaribu kukumbuka kama amewahi kusikia jina la Kihara nyumbani kwa mume wake. Katika wajukuu, binamu na shemeji, hakukuwa na Kihara hata mmoja. Hata mbwa hakuitwa hivyo. Lilikuwa jina jipya kabisa, na lilikuwa limekaliwa.

Akainua uso. Mtoto alikuwa begani mwa Nthenya, akinyonya ncha ya kitambaa cha kijani.

"Kihara," akaita.

Mtoto akageuka. Nyakio akampokea. Alikuwa na uzito wa mtoto wa miezi miwili anayeongeza vizuri, haukuzidi wala haukupungua. Akajamba, akalala.

Nthenya alirudi nyuma ya magunia, akachukua ungo. Alichambua njahi kwa muda mrefu bila kutupa jiwe lolote.

"Usimwite hivyo kwa sababu yangu," akasema.

"Ni kwa sababu ya mgongo wangu, tata," Nyakio akamjibu, akimwita shangazi sasa.

Jumapili, chakula cha mchana kilikuwa kwa Mzee Thuo. Nyakio alingoja mpaka mifupa ikusanywe, akasema mtoto amepata jina, anaitwa Kihara.

Mzee Thuo alikuwa akichokoa meno. "Hakuna mtu wa jina hilo," akasema.

"Sasa yuko, Baba."

"Ulisikia wapi hiyo takataka?"

"Kangemi, kwa tata Nthenya. Anakusalimia."

Nthenya hakuwa ametuma salamu, lakini Nyakio aliona inafaa. Kibe alitazama sahani yake. Mzee Thuo alieleza desturi polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: kijana wa kwanza ni wa baba ya bwana, hata mtoto mchanga anajua hivyo. Nyakio akasema anajua.

"Lakini jina lako lina kitu ndani, Baba. Si mtoto aliye mzito. Ni ile sehemu ya chini, ya upande wa mto. Ukimrudishia tata Nthenya, hata wewe mwenyewe utambeba, na aitwe Thuo mpaka azeeke. Sitasema neno."

"Kwani huyu ni mtoto ama ni shamba?"

"Wewe ndiye umemwekea shamba ndani."

Kwa mara ya kwanza Nyakio alifikiri ameona kitu usoni mwa yule mzee, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa kwenye nyumba anayoamini iko tupu. Kisha Mzee Thuo akageukia mwanawe.

"Kibe. Hiyo nyumba unakaa ni ya nani?"

"Ni yako, Baba."

"Kesho uko town. Pitia kwa ofisi ya vyeti."

Kibe akasema ndiyo. Usiku mkewe akamwambia asithubutu, na akasema ndiyo pia.

Nyakio alijua saa kamili mumewe alipothubutu. Ilikuwa Jumatatu, alikuwa akianika nguo na mtoto yuko mgongoni, na ghafla akaketi chini kwenye karai la nguo za rangi. Huko mjini karani alikuwa amemaliza kuandika. Hakuwa ameandika kwa penseli.

Jioni Kibe alirudi na cheti kwenye bahasha na mandazi kwenye karatasi. Nyakio hakumkemea. Alimwambia tu, "Mbebe." Kibe akainama, akajaribu, akajaribu tena mpaka shati likapasuka mgongoni. Akaketi sakafuni kando ya mwanawe, wakatazamana.

"Sema jina lake," Nyakio akamwambia.

Kibe alitazama dirisha, akatazama mlango. "Kihara," akanong'ona, na mtoto akaja mikononi. Kibe alilia kidogo, akimtikisa. Kisha akala mandazi.

Tangu hapo mtoto akawa na jina la kuandikwa na jina la kubebea. Mama wa nyumba ya pili alijifunza, fundi wa viatu akajifunza, hata wapangaji wapya waliambiwa siku ya kuingia, pamoja na habari za maji na siku za takataka. Mzee Thuo peke yake ndiye aliyeita Thuo. Alienda kwa mafundi wa chuma, akawaagiza watengeneze kitanda cha mtoto kwa mabaki ya reli, na kilipoletwa na mkokoteni aliwaita majirani wakitazame. Mtoto alilala humo vizuri. Miguu ya kitanda ilizama kidogo kila wiki.

Ubatizo ulifanywa mwezi wa Agosti. Mzee Thuo aliajiri vijana wanne wa kupakia simiti, akawanunulia mashati meupe. Mchungaji Zedekiah, aliyekuwa mtu makini, aliomba mtoto alazwe kwenye mkeka mbele ya madhabahu, akainama yeye mwenyewe. "Thuo, nakubatiza," akasema, na vigae vya mstari wa mbele vikapasuka vyote kwa pamoja. Kwaya ikaanza wimbo unaofuata. Baada ya ibada vijana wa simiti walimtoa mtoto nje juu ya mkeka, wakishika pembe nne, wakipumzika kila baada ya safu kadhaa za viti. Walimweka kwenye nyasi chini ya hema la karamu.

Nyakio alikuwa amemwalika Nthenya. Alikuja na kitambaa kipya na mfuko wa njahi, akaketi meza ya pembeni, akapewa sahani ya mukimo na nyama. Mzee Thuo alimwona. Walisalimiana kwa mikono, wakaulizana afya. Alimwambia ajisikie nyumbani.

Kisha mpiga picha akasema filamu inakaribia kuisha, na bado hajapata ya guka na mjukuu. Mzee Thuo akavua kofia, akaivaa tena, akaenda mpaka kwenye mkeka. Mtoto alikuwa amelala chali, akicheka na turubai la hema. Mzee akamshika makwapani. Akavuta. Vijana wa simiti walikuwa wanakula. Mpiga picha akaangalia saa.

"Mzee, tafadhali. Niko na harusi Dagoretti."

Mzee Thuo akatazama huku na huku. Watu wote walikuwa na midomo kwenye sahani, lakini walikuwa wameacha kutafuna. Akainama mpaka kofia ikaanguka.

"Kihara," akasema.

Hakuwa amelitamka tangu siku ya chai ya matanga. Lilitoka vizuri, halikumkwaruza popote. Mtoto akapanda mikononi mwake bila shida yoyote, akashika pua yake, na kwa mara ya kwanza yule mzee akajua mjukuu wake ana uzito gani. Akacheka. Macho yalimjaa maji. "Kihara!" akasema tena kwa sauti. "Kihara wa guka!" Mpiga picha akapiga.

Nthenya aliweka kijiko chini. Nyakio, aliyesimama na birika la chai, aliacha kumimina. Kibe aliacha kupumua. Walimtazama Mzee Thuo akiwa pale katikati ya hema na lile jina mkononi, na wakangoja. Hata mchungaji alingoja.

Mzee Thuo alitazama pande zote, akaona watu wananyamaza. Akaona lazima kuna kitu kinakosekana.

"Soda zimefika kila meza?" akauliza.

Zilikuwa zimefika. Watu wakaendelea kula. Nthenya alimaliza nyama yake, kwa kuwa ilikuwa nzuri na alikuwa ametoka mbali, akaondoka kabla ya keki ili awahi wateja wa jioni.

Baada ya hapo Mzee Thuo hakuwa na haya tena na lile jina. Aliliita asubuhi akienda kukagua nyumba na jioni akirudi, akimbeba mtoto mabegani kutoka nusu ya juu ya shamba mpaka nusu ya chini. Alisema hajawahi kuona jina rahisi hivyo. Nyakio alimkumbusha habari za upande wa mto mara ya pili, na mara ya tatu, na kila mara mzee alimsikiliza kwa upole, mtoto akiwa mabegani, akamuuliza sasa shida iko wapi, si anambeba.

Mtoto alipoanza shule ya chekechea, Mzee Thuo alibomoa safu zote za chini, hata ile ya tatu, na kujenga ghorofa ya mawe. Akaajiri mtu wa kukaa langoni, jina lake Ndungu, aliyewajua wapangaji wote bila kuangalia popote. Juu ya lango fundi alichora kwa rangi ya buluu neno moja, KIHARA, kwa sababu Mzee alisema ni jina linalomletea furaha.

Nyakio alipojifungua mtoto wa pili, msichana, Nthenya alitoka Kangemi kuja kumtazama, na gunia dogo la njahi mgongoni. Alifika langoni, akainua uso, akasoma. Aliweka gunia chini.

"Shosho, unatafuta nani?" Ndungu akamuuliza.

"Kihara."

"Kihara gorofa ama Kihara mtoto?"

"Kihara bwanangu."

Ndungu alifikiri kwa bidii. Alikuwa mtu mwaminifu na hakupenda kumrudisha mtu bure. Alipitisha wapangaji kichwani, ghorofa kwa ghorofa, akaanza tena kutoka chini.

"Huyo hakai hapa," akasema.

Nthenya akamshukuru, akaketi juu ya gunia lake nje ya lango, akangoja Nyakio, aliyejua anakuja, amtume mtu wa kumfungulia.